Gauni la Mtihani

Kwetu Mitaboni mtu akirudi kutoka ng'ambo, sanduku lake si lake tena. Linafunguliwa sebuleni mbele ya watu, na anayelifungua ni mama mwenye nyumba, wala si msafiri. Mashangazi wanapewa viti, majirani wanajaza mlango, watoto wanakaa sakafuni, na kila kitu kinachotoka kinatajiwa mwenyewe papo hapo. Hakuna anayekuuliza ulikuwa unakula nini huko, au kama kuna mtu alikukosea adabu. Mimi nilirudi Desemba moja mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, baada ya karibu miaka miwili Osaka, na kabla sijamaliza chai mama alikuwa ameshavunja kufuli ya sanduku langu kwa mpini wa kisu cha jikoni. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Hakuuomba.

Zikatoka sabuni, zikatoka soksi, ikatoka saa ya ukutani ya nyanya yangu, ambaye sote tulimwita susu. Halafu wakatoka sungura. Sungura kwenye penseli, sungura kwenye leso, sungura kwenye vibanio vya nywele na kwenye vikoba vya kuwekea kalamu. Alikuwa sungura yule yule mmoja mweupe, macho makubwa, plasta imebandikwa kwenye sikio la kushoto. Mji mzima wa Osaka ulikuwa unampenda mwaka ule na mimi nilikuwa nimemnunua kwa wingi, kwa sababu ni mwepesi kubeba.

"Huyu sungura alipigwa na nani?" shangazi mmoja akauliza, na nyumba nzima ikacheka.

Chini kabisa kulikuwa na sanduku la karatasi ngumu. Mama alilifungua, akatoa karatasi nyororo, akaliinua gauni juu kwa mikono miwili. Kicheko kikakatika. Lilikuwa la rangi ya maziwa, marinda tabaka saba, lesi kwenye tabaka nne za juu, mikono imevimba mabegani na kubana kwenye vifundo, vifungo ishirini na viwili kifuani.

"Hiyo hapana," nikasema. "Hiyo ni mtihani wangu."

"Mtihani gani na hii ni nguo?" mama akauliza.

Nikaeleza. Nilieleza mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kikamba. Mama alitikisa kichwa vizuri sana, akalirudisha kwenye karatasi zake, akalipeleka kabatini mwake. Leo najua kwamba hakuelewa hata neno moja. Kwa mama mtihani ulikuwa karatasi, kalamu mbili, chumba kilichofungwa na mwalimu anayetembea kati ya madawati. Nguo ilikuwa nguo.

Sasa nieleze nilifikaje huko. Chuo cha ufundi cha kijiji kule Kathiani kiliwahi kuwa na mwalimu wa ushonaji aliyetoka Japani, mama mmoja mkimya aliyejitolea kufundisha wasichana wa kwetu. Alipenda mishono yangu. Aliporudi kwao aliandika barua nyingi, na baada ya miaka mitatu nikapata nafasi katika chuo cha mavazi Osaka, kozi ya miaka miwili.

Osaka ilinikasirisha kwa upole wake. Kila kitu pale kilikuwa na uso wa mnyama mdogo anayetabasamu. Benki ilikuwa na kifaranga. Vizuizi vya barabara iliyokuwa ikichimbwa vilikuwa vyura wa plastiki wa kijani, wamepangwa mstari, wanakuchekea huku unazunguka shimo. Barua ya ofisi ya mji iliyonionya kwamba nisipojiandikisha nitachukuliwa hatua ilikuwa na kifaranga pia, huyu amevaa kofia ya polisi. Niliisoma ile barua mara tatu, na kifaranga ananikonyeza. Mtu akitaka kunifukuza nchini mwake anifukuze kwa uso mkavu, nijue tumekosana.

Jumamosi wenzangu wa darasani walinipeleka kwenye jengo la orofa saba lililojaa maduka ya mavazi yao, yale ya vijana wasiotaka kuvaa kama mama zao. Orofa moja ilikuwa ya rangi nyeusi: magauni meusi ya lesi, misalaba, midomo iliyopakwa rangi ya zambarau. Orofa ya juu yake ilikuwa ya waridi, keki na stroberi zimechapwa kwenye sketi, viatu vyenye soli nene kuliko tofali. Wanawake wa miaka ishirini na mitano walining'iniza midoli kwenye mikoba yao na kuizungumzisha. Wauzaji walikuwa na sauti nyembamba ya kulazimisha, na walikuwa na saizi moja tu. Waliiita saizi ya kila mtu. Huyo kila mtu hakuwa mimi. Zipu ilisimama kwenye mbavu, na msichana wa duka akainama kuomba radhi, akainama tena, mpaka nikaona aibu kwa niaba ya makalio yangu na ya ukoo wangu wote. Kisha akaniuliza kama anaweza kugusa nywele zangu. Wengine hawakuuliza.

Na bado nilirudi kila Jumamosi. Hilo ndilo linaloniudhi hadi sasa. Nilikuwa nayageuza yale magauni ndani nje kuona yalivyoshonwa, na mengine yalikuwa yameshonwa vizuri mpaka nikakosa la kukosoa. Isitoshe, wale wasichana waliamka asubuhi, wakavaa marinda ya kujaza mlango, wakapanda treni, na hakuna mtu aliyewaombea. Mimi niliwahi kuondolewa kwenye kwaya ya kanisa letu kwa sababu ya mpasuo wa sketi wenye urefu wa kidole. Mzee wa kanisa alikuja na kidole chake kupima. Nilipokuwa nimesimama kwenye orofa ile ya waridi nilimkumbuka na nikatamani aletwe, asimame pale katikati na kidole chake, aanze kupima.

Basi kwa mtihani wa mwisho nikachagua gauni la namna hiyo. Kila mwanafunzi alitakiwa kuleta vazi moja, kazi ya mkono wake, likakaguliwe mwishoni mwa Januari. Mwalimu wetu mkuu alikuwa bibi wa miaka sabini aliyepima mishono kwa rula na kuhesabu ni mingapi katika sentimita tatu. Bila vazi hakuna cheti. Bila cheti, karakana moja iliyoahidi kunichukua isingeweza kunichukua, na ruhusa yangu ya kukaa Japani ingekwisha Machi. Nilikuwa na mlango mmoja, na mlango wenyewe ulikuwa ule mkusanyiko wa lesi. Nililikata kwa kipimo cha sanamu ya chuo ya kuvalishia nguo, ambayo ilikuwa na kiuno cha mtoto wa darasa la saba. Lilibaki kushonwa lesi ya tabaka tatu za chini, kazi ya sindano mkononi, wiki tatu nzima. Likizo ikafika, tiketi ilikuwa imelipwa na wafadhili, nikaona nitamalizia nyumbani. Nani angeligusa nyumbani?

Nyumbani hakukuwa na sanamu ya kupimia. Kulikuwa na binti wa mama yangu mdogo, boma la pili kutoka kwetu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu, mwembamba, moyo wake mbovu tangu kuzaliwa. Shule alikwenda siku akiweza, maji hakuchota, kuni hakubeba. Alikuja kila asubuhi akakaa mlangoni kunitazama nikishona, na aliongea bila kituo. Kwa nini sungura ako na plasta. Kwa nini hao wasichana wanavaa hivyo na si harusi. Kwa nini huvai wewe.

"Hainitoshi," nikamwambia.

"Sasa ulishona ya nani?"

"Ya mwalimu. Nyamaza nihesabu."

Siku ya tatu nikaona kiuno chake. Nikamsimamisha juu ya stuli uani, palipo na mwanga, nikamvalisha, na gauni likamkaa utadhani nilimpimia yeye. Kuanzia siku ile akawa sanamu yangu. Alisimama pale asubuhi baada ya asubuhi, mimi nimepiga magoti chini nikibandika lesi kwa pini, nikimfokea asimame wima, akichoka nikimshusha apumzike kisha nampandisha tena. Njia ya kwenda sokoni inapita kando ya ua wetu. Kila aliyekwenda soko alimwona. Wanawake walisimama na mizigo yao ya maembe wakamwambia geuka, akageuka. Sikuwakataza, kwa sababu nilipenda kusifiwa, na mtu asikuambie kwamba fundi hapendi kusifiwa.

Siku moja mama mdogo mwenyewe alikuja. Alisimama, mikono kiunoni, akamtazama kuanzia kola hadi pindo.

"Sasa unakaa mtu," akamwambia binti yake. Kisha akaniambia mimi, "Anti yako amefurahi sana. Mungu akubariki kwa hii."

Nilikuwa na pini tano mdomoni. Niliguna. Ningeweza kuzitoa zile pini, ilikuwa kazi ya dakika moja, nimwambie anti, hii si yake, anasimama tu. Niliguna, nikaendelea na pindo, na nimekuwa nikijilaumu kwa mguno ule kuliko kwa maneno mengi makali niliyowahi kusema.

Wiki ile ya baada ya Krismasi nilimaliza tabaka la mwisho. Siku mbili baadaye, asubuhi, mtoto alishindwa kupumua akiwa anakunywa uji. Walimpeleka hospitali Machakos. Saa nane mchana mama mdogo alirudi bila yeye.

Nililia kama kila mtu. Sitaki ionekane kwamba sikulia. Kisha zikaanza zile jioni za watu kukutana kwa wafiwa, kamati ikachaguliwa, mwenyekiti akakaa na daftari akiulizia kimoja baada ya kingine. Jeneza? Fundi wa pale sokoni anatengeneza. Hema? Litatoka kanisani. Sufuria? Chama cha akina mama. Nguo ya marehemu?

"Nguo iko," mama mdogo akasema.

Kwetu anayezikwa huvalishwa nguo mpya ambayo haijatembea barabarani. Ikikosekana ni aibu ya ukoo, na watu wataisema. Mwenyekiti akaandika kwamba nguo iko. Mimi nilikuwa pale pale nikimimina chai, birika mkononi, na nilisikia. Nilisikia na nikapita na birika.

Asubuhi ya mazishi nilikuwa nyuma ya nyumba nikichambua mchele pamoja na wanawake wengine. Niliingia ndani kubadilisha nguo. Kabati la mama lilikuwa wazi, na zile karatasi nyororo zilikuwa kitandani. Sanduku la karatasi ngumu lilikuwa tupu. Nilitazama chini ya kitanda. Nilitazama nyuma ya mlango, kama mjinga, utadhani gauni la marinda saba linaweza kujificha nyuma ya mlango.

Susu alikuwa ameketi kwenye kiti chake sebuleni.

"Susu, ile gauni iko wapi?"

"Mama yako amebeba. Wameenda mochari kuvalisha mtoto."

"Nani alimwambia abebe?"

Susu alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea upande gani. "Si ni yake? Si ndiyo alikuwa anavalishwa hapo nje kila siku?"

Nilipanda mbio hadi barabarani. Gari la wanawake lilikuwa limeondoka zaidi ya saa nzima. Nilisimamisha lori la kwanza, na lilikuwa la mfanyabiashara mmoja Msomali aliyekuwa akipeleka mbuzi mjini. Alinitazama miguu, ndala moja ya bluu na moja ya kijani, akanifungulia mlango wa mbele bila kuniuliza kitu. Mpaka leo namshukuru kwa kutoniuliza, kwa maana ningemwambia, na maneno yangu hayakuwa ya kusemwa mbele ya mtu aliyejiheshimu.

Njia nzima nilipanga nitakayosema. Nitamwambia mama kwamba miaka miwili nimekula wali mkavu na kulala kwenye chumba kisichotosha magodoro mawili. Nitamwambia kwamba hakuniuliza kufuli, hakuniuliza kabati, hajawahi kuniuliza kitu tangu nizaliwe. Nitalichukua gauni, na watu waseme watakavyo. Niliapa kulichukua. Nilikuwa nimekasirika mpaka nikamkasirikia na mtoto, mtoto aliyekufa, kwa kuwa na kiuno kile. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mama alikuwa amesimama nje ya mochari, leso kiunoni. Aliponiona alidhani kuna jambo limetokea nyumbani.

"Mama, hiyo ni mtihani yangu. Nilikuambia. Nilikuambia mbele ya watu."

"Usinipigie kelele hapa."

"Siendi popote bila hiyo gauni. Nikirudi bila hiyo gauni nimefeli. Unaelewa kufeli?"

Alinishika mkono juu ya kiwiko, akafinya. Aliongea chini chini. "Utashona ingine. Wewe uko na mikono. Sasa unataka niingie hapo ndani nimwambie dada yangu nini? Niambie hayo maneno niende niseme."

Nikasema nitayasema mwenyewe. Nikamsukuma, mama yangu mzazi, nikaingia.

Mtoto alikuwa juu ya meza, ameshaoshwa, amefunikwa shuka hadi mabegani. Mama mdogo alikuwa upande wa kichwa akimpaka mafuta usoni kwa kidole kimoja, polepole, kama anayeogopa kumwamsha. Gauni lilikuwa limetandazwa kwenye meza ya pili kifudifudi, na mhudumu wa mochari alikuwa amelishika kola. Mkononi alikuwa na mkasi mkubwa, ule wa kukatia mabati.

"Usikate," nikasema.

Mama mdogo akainua uso. "Umekuja," akasema. "Nilikuwa naambia huyu mtu angoje. Nilimwambia ni wewe unajua hiyo nguo vile inavaliwa."

"Madam, wote tunakata nyuma," mhudumu akasema. "Mwili umekaza. Ni nyuma tu, hakuna mtu ataona."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Neno lilikuwa mdomoni, na safari hii hakukuwa na pini. Nilimtazama mama mdogo na kidole chake chenye mafuta. Nilitazama ule mkasi wenye kutu kwenye kola niliyoishona mara nne kabla ya mwalimu kuikubali. Badala ya neno lile nikasikia sauti yangu ikiomba wembe.

Nisisingiziwe wema. Sikufanya kwa upendo. Nilifanya kwa sababu sikuweza kusimama pale nikaona kazi yangu ikichanwa kama gunia. Gauni lilikuwa na zipu fupi ubavuni tu, na vile vifungo vya kifuani vilikuwa pambo, havifunguki. Nilifumua mshono wa mgongo kuanzia kola hadi chini ya kiuno, uzi kwa uzi, bila kugusa kitambaa. Mama aliingia wakati huo, akasimama ukutani. Tulimvalisha kwa mbele, mikono kwanza. Kisha mama akashika bega, mama mdogo akashika kichwa, wakamgeuza kwa ubavu, nami nikachomoa sindano niliyokuwa nikiitembeza kwenye kola ya blauzi, kama tulivyofundishwa chuoni, nikamshonea ndani.

Nilishona mshono ule kwa hasira ambayo sijawahi kushona nayo tena. Mishono kumi na mitano kila sentimita tatu. Nilihesabu. Niliuficha uzi mpaka hata yule bibi na rula yake asingejua palipofumuliwa. Januari nilisimama mbele yake mikono mitupu, nikasema vazi langu lipo Kenya, akaniuliza kama linaweza kutumwa kwa posta, nikasema haliwezi. Machi nilirudi nyumbani bila cheti. Sasa nashona sare za shule karibu na stendi ya Machakos, na sitasema kwamba nimeridhika, kwa sababu sijaridhika.

Nilipomaliza, tulimlaza chali. Nikapanga marinda, tabaka moja moja, nikanyoosha mikono. Mama mdogo alimtazama mtoto wake muda mrefu.

"Amependeza," akasema.

Nikamwambia ndiyo, amependeza. Kisha nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za mochari na kulia kwa sauti, nikipiga saruji kwa ngumi. Palikuwa na familia nyingine zilizokuja kuchukua watu wao, na wanawake wasionijua walikuja mmoja mmoja kunishika bega. Pole, wakasema. Pole, mama. Pole sana kwa mtoto. Nilizipokea pole zao zote, nikawaitikia asante, na hata moja haikuwa ya kile nilichokuwa nikikililia.